Wayo wa Binadamu: Wenzo Uliokosewa Hesabu

Katika somo la nyenzo, mwalimu wa fizikia hufika mahali ambapo huwataka wanafunzi watoe mifano kutoka katika mwili wa binadamu. Kichwa kinachoegemea juu ya uti wa mgongo hutajwa kuwa wenzo wa daraja la kwanza. Mkono ulioshika mzigo huku kiwiko kimekunjwa hutajwa kuwa wa daraja la tatu. Na mtu aliyesimama kwa ncha za vidole vya miguu hutajwa kuwa wa daraja la pili. Mwanafunzi huchora mchoro wake, huweka egemeo kwenye vidole, mzigo katikati, na kani ya msuli kwenye kisigino, kisha hupiga hesabu na kupewa alama zote. Hesabu hiyo, kama inavyofanywa katika madaftari mengi niliyopata kuyaona, si sahihi. Wala kosa lake si dogo: jibu linalopatikana halifiki hata theluthi moja ya kani halisi.

Nalijua kosa hili vizuri kwa sababu nililifanya mwenyewe, tena si shuleni bali nikiwa tayari na shahada ya kwanza na nimekwisha kupelekwa ng'ambo kusomea shahada ya udaktari. Profesa aliyekuwa akinisimamia aliitazama karatasi yangu, akanyamaza, kisha akanitaka nivue viatu nipande juu ya mizani iliyokuwa pembeni mwa maabara. Nikasimama kwa ncha za vidole. Mizani ikasoma uzito wangu ule ule, bila kuzidi wala kupungua. Akaniuliza: ikiwa mizani haikuona tofauti yoyote, mbona shavu la mguu wako linatetemeka? Sikuwa na jibu, na nilirudi bwenini na aibu yangu. Makala haya ni jibu ambalo nilipaswa kulitoa siku ile, pamoja na mambo mengine niliyojifunza baadaye kuhusu kiungo hiki tunachokikanyagia kila siku bila kukifikiria.

Kwanza tukubaliane juu ya maneno. Lugha yetu hutumia neno mguu kwa kiungo chote tangu nyonga hadi vidole, na kwa kawaida hilo halituletei taabu. Hapa, hata hivyo, tutahitaji kukitenga kile kinachokanyaga na kile kinachobebwa juu yake. Kwa hiyo nitatumia neno wayo kwa maana ya sehemu yote iliyo chini ya kifundo cha mguu, mifupa na misuli yake ikiwemo, wala si ngozi ya chini peke yake. Wayo mmoja una mifupa 26. Nyayo mbili zina mifupa 52, na kwa kuwa mwili wa mtu mzima una mifupa 206, robo nzima ya mifupa yetu imo chini ya vifundo.

Mtu aliyesimama juu ya gunia

Tumchukue mtu mwenye kilogramu 60, ambaye uzito wake ni takriban nyutoni 600. Asimame kwa mguu mmoja, kisha anyanyue kisigino hata abaki amekanyaga kwa ile sehemu nene iliyo nyuma ya vidole, ambayo nitaiita shina la vidole. Kwa mtu mzima wa kimo cha kawaida, umbali wa mlalo kutoka shina la vidole hadi mhimili wa kifundo ni kama sentimita 12, na kutoka mhimili huo hadi ile kano nene iliyo nyuma ya kisigino ni kama sentimita 5. Kano hiyo ndiyo inayounganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Wataalamu huiita kano ya Achilles, kwa jina la shujaa wa hadithi za Kiyunani ambaye kisigino ndicho kilichokuwa mahali pake pekee pa kudhurika.

Mwanafunzi wetu husema hivi: egemeo ni shina la vidole, uzito wa nyutoni 600 unashuka kwenye kifundo, sentimita 12 kutoka kwenye egemeo, kano inavuta kwenda juu, sentimita 17 kutoka kwenye egemeo. Basi kani ya kano ni 600 × 12 ÷ 17, yaani nyutoni 424. Msuli umepata nafuu, kwa kuwa unanyanyua mzigo wa nyutoni 600 kwa kani iliyo ndogo kuliko mzigo wenyewe, kama vile mtu anayesukuma toroli.

Kosa limejificha katika neno mzigo. Anayesukuma toroli amesimama ardhini, nje ya toroli. Lakini msuli wa shavu la mguu umesimama wapi? Ncha yake ya chini imeshika kisigino, na ncha yake ya juu imeshika mifupa iliyo karibu na goti, yaani umesimama juu ya mwili ule ule unaotaka kuunyanyua. Msuli hauwezi kuvuta kwa ncha moja tu. Unapokivuta kisigino kwenda juu, papo hapo unauvuta muundi kwenda chini, na muundi unakigandamiza kifundo. Mfikirie mtu aliyesimama juu ya gunia la mahindi akiwa ameshika masikio ya gunia hilo hilo na kuyavuta kwa nguvu: kadiri anavyovuta juu, ndivyo nyayo zake zinavyoligandamiza gunia chini. Kwa hiyo mzigo ulio juu ya kifundo si uzito wa mwili peke yake. Ni uzito wa mwili pamoja na kani yote ya kano.

Tukiirudia hesabu kwa mzigo ulio sahihi, na kuiita kani ya kano K, tunapata (600 + K) × 12 = K × 17. Yaani 7,200 = 5K, na K ni nyutoni 1,440. Njia iliyo fupi zaidi ni kukifanya kifundo kuwa egemeo: ardhi inasukuma shina la vidole kwenda juu kwa nyutoni 600 katika umbali wa sentimita 12, na kano inavuta kisigino katika umbali wa sentimita 5, basi K ni 600 × 12 ÷ 5, na jibu ni lile lile 1,440. Kifundo chenyewe kinabeba 600 na 1,440, jumla yake nyutoni 2,040, ambayo ni zaidi ya mara tatu ya uzito wa mtu huyo.

Mwalimu atauliza: sasa wayo ni wenzo wa daraja la kwanza au la pili? Kwa njia ya kwanza ni wa pili, na kwa njia ya pili ni wa kwanza, na njia zote mbili zimetoa jibu moja. Daraja hutegemea mahali tunapochagua kuweka egemeo katika mchoro wetu. Kano haijui tumeipanga daraja gani. Binafsi naona tumetumia muda mwingi mno madarasani kukariri madaraja, na muda mchache mno kuuliza ni kani zipi hasa zinazogusa kitu tunachokichora.

Mizani ya profesa wangu nayo haikusema uongo. Mizani hupima kani iliyopo kati ya mwili na sakafu, na hiyo haikubadilika. Kani ya kano na kani ya kifundo ni za ndani ya mwili. Zinapingana na kusawazishana humo humo, na hakuna mizani ya sakafuni iwezayo kuziona. Shavu la mguu ndilo linalozijua.

Sasa mtwike mtu yule ndoo ya maji ya lita 20 kichwani. Uzito umeongezeka kwa nyutoni 200 tu, lakini kila anaponyanyua kisigino ili apige hatua kano yake inaongezewa nyutoni 480, na kifundo nyutoni 680. Anayetoka kisimani kilometa mbili hufanya hivyo maelfu ya mara kabla ya kutua ndoo. Na mkimbiaji hali yake ni ngumu zaidi. Mtaalamu wa Ufini, Paavo Komi, alibuni namna ya kuweka kifaa kidogo cha kupimia kwenye kano ya Achilles ya watu walio hai, na katika kukimbia alipata kani zilizofikia nyutoni 9,000, zaidi ya mara 12 ya uzito wa mwili. Vipimo hivyo alivitangaza mwaka 1990.

Msomaji anaweza kushangaa kwa nini maumbile yakachagua wenzo wenye hasara kiasi hiki. Kilichopotezwa katika kani kimepatikana katika mwendo. Kwa vipimo vyetu, msuli ukijikunja kiasi cha kukinyanyua kisigino sentimita 1 karibu na kifundo, kifundo hunyanyuka zaidi ya sentimita 2 kutoka ardhini. Msuli mfupi wenye nguvu nyingi unaweza hivyo kuzalisha mwendo mrefu na wa haraka, na miguu ni ya kwendea.

Ulimi na tundu

Kani hizi zote hupita katika kiungo kidogo. Muundi na mfupa mwembamba ulio pembeni yake, uitwao fibula, huungana kwa chini na kufanya umbo la tundu. Vile vinundu viwili vinavyochomoza kulia na kushoto kwa kifundo ndizo kuta za tundu hilo. Ndani yake huingia mfupa uitwao talasi, kama vile fundi seremala anavyoingiza ulimi wa ubao mmoja katika tundu la ubao mwingine. Talasi ni mfupa wa ajabu: hakuna msuli hata mmoja ulioshikamana nao. Husukumwa na kuzungushwa na mifupa jirani, mithili ya gololi iliyo katikati ya mashine.

Juu yake talasi ni pana mbele kuliko nyuma. Wayo unapokunjwa kwenda juu, kama wakati wa kuchuchumaa, upana wa mbele huingia ndani ya tundu na kiungo hukaza. Vidole vinapoelekea chini, sehemu nyembamba ndiyo iliyo ndani, na kiungo hulegea. Ndiyo maana mchezaji wa netiboli hateguki kifundo akiwa amechuchumaa, bali anapotua kutoka hewani huku vidole vyake vinatangulia. Wayo hupinda kuelekea ndani na ligamenti za upande wa nje, ambazo ni kamba zinazofunga mfupa kwa mfupa, hunyooshwa au kukatika.

Kuta za tundu zikivunjika, kazi ya daktari ni ya vipimo vidogo sana. Mwaka 1976 madaktari wawili wa Marekani, Ramsey na Hamilton, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba talasi ikihama upande wa nje kwa milimita 1 tu, eneo la mgusano ndani ya kifundo hupungua kwa asilimia 42. Tukumbuke kwamba kani haipungui. Nyutoni 2,040 zile zile sasa zinapita katika eneo dogo zaidi, na shinikizo juu ya gegedu huongezeka. Mtu anayesema kwamba kifundo chake kilichovunjika “kimeunga chenyewe” huenda anatembea bila maumivu leo, na akaja kulipa gharama yake baada ya miaka 10 au 20.

Kulainika na kukakamaa

Hadi hapa tumeuchukulia wayo kana kwamba ni kipande kimoja kigumu, kama ubao. Wenzo lazima uwe mgumu. Hakuna anyanyuaye jiwe kwa mtarimbo wa mpira. Lakini nusu sekunde kabla ya kutumika kama wenzo, wayo ule ule umetoka kukanyaga ardhi yenye kokoto, mizizi na mashimo, na umetakiwa kulainika na kujifinyanga kwa umbo la mahali ulipotua. Katika kila hatua, kitu kimoja hulazimika kuwa laini na kisha kuwa kigumu. Hili ndilo tatizo kubwa la wayo kwa jicho la mhandisi, na suluhisho lake linaweza kuonekana kwa macho bila chombo chochote.

Mwombe mwenzako asimame wima pekupeku, uzito wake ukiwa sawa kwenye miguu yote miwili. Shika kidole gumba cha mguu wake mmoja, ukinyanyue taratibu bila yeye kukusaidia. Utaona uvungu wa wayo, upande wa ndani, unapanda juu kama tao la daraja linalojengwa mbele yako, na ukiutazama muundi kwa makini utauona ukizunguka kidogo kuelekea nje. Aliyelieleza jambo hili kwa usahihi ni J. H. Hicks, mtaalamu wa Uingereza, mwaka 1954. Chini ya ngozi ya wayo kuna ukanda mgumu wa nyuzinyuzi unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi kwenye vidole. Kidole kikikunjwa kwenda juu, ukanda huo hujizungusha kwenye kichwa cha mfupa ulio nyuma ya kidole, kama kamba ya nanga inavyojizungusha kwenye duara ya jahazi. Ukanda ukivutwa hivyo huwa mfupi, kisigino na shina la vidole husogeleana, na tao hupanda na kukaza.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba hauhitaji amri. Katika kutembea, kisigino kinaponyanyuka vidole hubaki vimelala ardhini, kwa hiyo hujikuta vimekunjwa. Ukanda hukazwa na wayo hukakamaa katika ule muda hasa ambapo kazi ya wenzo inaanza. Mguu unapotua tena, vidole hunyooka, ukanda hulegea, na wayo huwa laini.

Kwa muda mrefu tulifundisha kwamba ugumu wa wayo unatokana na tao hili la urefu peke yake. Mwaka 2020 kundi la watafiti lililoongozwa na Madhusudhan Venkadesan lilionyesha kwamba tao la pili, lile linalopita kwa upana kutoka upande wa ndani hadi upande wa nje wa wayo, huchangia zaidi ya asilimia 40 ya ugumu huo. Anayetilia shaka achukue karatasi moja ya daftari na kuishika kwa ncha moja tu: itainama. Kisha aikunje kidogo kwa upana ili ifanye mfereji: itasimama mbele yake bila kuinama. Kila aliyewahi kubeba bati la kuezekea anajua kwamba migongo yake ndiyo inayolifanya lisikunjike kwa urefu. Nililazimika kurekebisha mihadhara yangu niliyoitoa kwa miaka kadhaa, na sikuona vibaya.

Sokwe hana mpango huu kwa ukamilifu. Anaponyanyua kisigino, wayo wake hukunjika katikati, na nguvu ya msuli hupotea katika mkunjo huo. Hata hivyo tofauti kati yetu na yeye si ukuta. Mwaka 2013 Jeremy DeSilva na mwenzake walipima nyayo za watu 398 waliotembelea jumba la makumbusho huko Boston, wakakuta kwamba takriban asilimia 8 walikuwa na mkunjo wa katikati bila wao kujua.

Ni lini viumbe wa ukoo wetu walianza kutembea kwa nyayo za namna hii? Ushahidi ulio mkongwe na wa wazi kuliko wote umo nchini Tanzania, huko Laetoli, kusini mwa Bonde la Olduvai. Mwaka 1978 kundi la Mary Leakey lilifukua huko nyayo za viumbe waliopita kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano yaliyolowa, miaka ipatayo milioni 3.66 iliyopita. Kisigino kimezama kwanza, na kidole gumba kimelala sambamba na vingine badala ya kutanuka kando kama cha sokwe. Mwaka 2016 watafiti walioongozwa na Fidelis Masao walitangaza nyayo nyingine zilizogunduliwa karibu na zile za awali. Mabishano juu ya ugumu wa tao lao na mkunjo wa magoti yao bado yanaendelea, lakini hakuna anayebisha kwamba walitembea wima.

Springi iliyo chini yetu

Mhandisi angetosheka na wenzo unaolainika na kukakamaa. Wayo unafanya jambo la tatu. Mwaka 1987 R. McNeill Alexander na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leeds walichukua nyayo za wagonjwa waliokatwa miguu kwa sababu za matibabu, wakazigandamiza ndani ya mashine ya kupimia springi. Walikuta kwamba tao hushuka, huweka nishati, na hurudisha sehemu kubwa ya nishati hiyo linapoachiliwa. Kwa mtu wa kilogramu 70 anayekimbia mita 4.5 kwa sekunde, walikadiria kwamba katika kila hatua mwili hupoteza na kurudishiwa nishati ya kama jouli 100. Kati ya hizo, jouli 35 huwekwa katika kano ya Achilles na jouli 17 katika tao la wayo. Yaani nusu ya kazi ya kila hatua hulipwa na nyuzi zinazonyumbuka, bila msuli kutumia chakula kwa ajili yake.

Je, viatu huudhoofisha mtambo huu? Swali hili huulizwa sana, na mara nyingi hujibiwa kwa ushabiki. Ushahidi mmoja ninaouamini unatoka India, ambako mwaka 1992 madaktari Rao na Joseph walitangaza uchunguzi wa watoto 2,300. Kati ya waliovaa viatu, asilimia 8.6 walikuwa na nyayo bapa; kati ya waliotembea pekupeku, asilimia 2.8. Hilo halina maana kwamba tuwavue watoto viatu. Pekupeku ina safura, misumari na vioo, na afya ya mtoto haipimwi kwa tao la wayo peke yake. Lakini mzazi anayenunua kiatu cha kubana au kigumu kama gogo kwa ajili ya mtoto wa miaka minne, kwa kudhani kwamba kinamsaidia “kunyoosha mguu”, hana tegemeo katika sayansi. Na mwanafunzi aliyelowesha wayo, akakanyaga saruji kavu, akaona alama ya wayo mzima bila uvungu, asiogope: wengi wenye nyayo bapa hawapati maumivu yoyote, hasa kama uvungu hujitokeza wanaposimama kwa ncha za vidole.

Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda

Kuna mahali ambapo elimu hii huamua maisha ya mtu. Takriban mtoto 1 kati ya kila watoto 1,000 huzaliwa na wayo mmoja au zote mbili zikiwa zimepinda kuelekea ndani na chini, hata nyayo zatazamana. Akiachwa hivyo, mtoto huyo hujifunza kutembea kwa upande wa nje wa wayo au hata kwa mgongo wake, na ngozi isiyoumbwa kwa kukanyaga hupasuka na kuota vidonda. Vijijini wengine huwaficha watoto hao, au huwaza kwamba mama alikosea mwiko. Mama hakukosea kitu.

Kwa miaka mingi madaktari walijaribu kuzinyoosha nyayo hizo kwa nguvu, kama mtu anyooshaye msumari, au kwa upasuaji mkubwa uliozifungua na kuziacha ngumu na zenye maumivu utu uzimani. Ignacio Ponseti, daktari mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Iowa huko Marekani, aliuliza swali la kimakanika: viungo hivi vinazunguka juu ya mhimili gani? Chini ya talasi kuna kiungo ambacho mhimili wake haukulala wala haukusimama, bali umeinama, kwa wastani kama nyuzi 42 kutoka mlalo. Bawaba iliyofungwa mshazari hivyo haiwezi kugeuza mlango upande mmoja tu. Kila igeukapo hugeuza na kuinamisha kwa pamoja. Ponseti alitambua kwamba wayo wote unapaswa kuzungushwa nje kwa pamoja chini ya talasi, kidole cha daktari kikiwa kimeizuia talasi isizunguke. Waliotangulia walikuwa wakizuia mahali pasipo pake, na hivyo kuufunga mlango waliokuwa wakitaka kuufungua.

Kazi hufanywa kwa mikono na plasta. Kila wiki wayo husogezwa kidogo na kufungwa plasta mpya, na kwa kawaida plasta tano au sita hutosha. Alianza njia hii mwishoni mwa miaka ya 1940, lakini ilichukua kama miaka 50 hadi wenzake walipoikubali kwa wingi. Afrika Mashariki haikubaki nyuma. Nchini Uganda, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, daktari wa mifupa Shafique Pirani wa Kanada na wenzake wa huko walianza kuwafundisha maofisa tabibu, ambao si madaktari wapasuaji, kuifanya kazi hiyo. Ilidhihirika kwamba wanaiweza vizuri.

Baada ya plasta hizo, kwa watoto walio wengi kisigino hubaki bado kimevutwa juu, kwa sababu kano ya Achilles ni fupi. Hapo tabibu hutia dawa ya ganzi na kuikata kabisa kwa kisu chembamba, kupitia tundu dogo la ngozi. Mzazi anayeona hufadhaika, na ana haki. Kisha wayo hufungwa plasta ya mwisho kwa wiki tatu, na katika wiki hizo kano hujiunga upya ikiwa ndefu zaidi. Baada yake mtoto huvishwa viatu vidogo vilivyounganishwa kwa fimbo, saa 23 kwa siku katika miezi mitatu ya kwanza, kisha wakati wa kulala hadi afikishe kama miaka minne. Aghalabu ugonjwa ukirudi, sababu yake ni kwamba viatu hivyo vimeachwa mapema, kwa kuwa wayo unaonekana umekwisha kupona na mtoto analia usiku.

Mtoto huyo akikua na kufikia kilogramu 60, siku moja atatakiwa darasani asimame kwa mguu mmoja na kunyanyua kisigino. Kano ile ile iliyokatwa akiwa mchanga itabeba nyutoni zake 1,440, na mwalimu wake atamtaka azipigie hesabu.